Serveurs Wawili Wasiokula

Kwanza niseme wazi: zile mashini sikuzipenda. Watu wakisikia kwamba nilifanya kazi ya ordinateur, yaani kompyuta, wanafikiri nilikuwa ninaona maajabu. Nilikuwa ninaona vumbi. Mashini mbili za rangi ya maziwa yaliyochacha, kila moja kubwa kama kabati la sufuria, zikivuma mchana kutwa katika chumba cha chini cha depo ya madawa, karibu na ziwa, ukuta ukitoa jasho kama mgonjwa wa malaria. Ndani yake mlikuwa na orodha ya vituo vyote vya afya tulivyovipelekea dawa, kutoka Walungu mpaka Luvungi, na kila kituo kilibakiza kinini ngapi, sindano ngapi, chanjo ngapi. Mashini zikifa, mtu wa Luvungi atatetemeka kwa homa bila kidonge, kwa sababu hakuna tena anayejua kama vidonge vilikwisha. Hilo nililiheshimu. Mashini zenyewe, hapana.

Mimi nilikuwa na diploma ya shule ya masista, mtoto wa miezi mitano, na hasira. Hasira ilikuwa na sababu yake, nitaieleza mara moja tuimalize. Nilikuwa nimefanya miaka miwili pale kama journalière, yaani mfanyakazi wa siku, sawa na mpasua kuni. Jioni yoyote wanaweza kukuambia kesho usije, na kesho huji. Sasa, sheria ya kazi inampa mama anayenyonyesha saa yake ya kunyonyesha. Sheria nzuri sana. Ila sheria inamjua mama mwenye mkataba. Mimi ilikuwa hainijui. Mama mkwe wangu alikuwa akileta mtoto saa nne, nyuma ya depo, kwenye makartoni matupu, nami nikimnyonyesha huku nimesimama, nikichungulia huku na huku kama mwizi wa maziwa yangu mwenyewe.

Siku moja direkta akanikuta, akaniita mwananchi kwa Kifaransa, kama siku hizo ilivyoamriwa.

"Citoyenne, hapa ni depo, haiko materniti."

"Ndiyo, citoyen directeur. Mutoto naye ameona ni depo, ndiyo maana amekuja kuchukua yake."

Hakucheka. Abacost yake, ile suti ya wakubwa isiyo na tai, ilikuwa imembana shingo, nadhani kicheko kilikosa njia ya kupita.

Basi wakubwa wakajenga chumba kipya, kule juu, nyuma ya soko la Nyawera, mahali pakavu penye hewa. Chumba cha mashini tu, na mashini ya kupoza mashini. Mimi nyumbani nilikuwa ninapunga mtoto kwa kifuniko cha sufuria, lakini tuendelee. Ilibidi mtu apange namna ya kuhama. Kwa sababu mimi peke yangu ndiye niliyejua waya gani unaingia tundu gani, direkta aliniita. Alikuwa akitazama dirishani aliposema, kama mtu anayeongea na ziwa.

"Utaandika mpango. Jumatatu mashini zikiamka kule juu, nakuandikia mukataba. Zisipoamka, bakia kwenu na mutoto wako."

Hapo nilipata usingizi kidogo na kazi nyingi. Nilinunua daftari la shule. Kupanga uhamisho wa mashini, niwaambie akina mama, hakuna elimu ndani yake ambayo sisi hatuna. Ni kama kuhama nyumba na mtoto mchanga: kitu utakachohitaji kwanza ukifika ndicho unachopakia mwisho, kitu kisichoweza kununuliwa tena hukiachi mikononi mwa mtu mwingine, na hupakii kitu hata kimoja kabla hujajua utakapolala. Nilichora chumba cha zamani na chumba kipya. Kila waya niliuvika kipande cha sparadrap, ile ya vidonda, maana katika depo ya madawa ndicho kitu tulichokuwa nacho kingi, nikaandika namba juu yake, na namba ileile kwenye tundu lake. Orodha zote nilizinakili kwenye disketi, mara mbili. Kopi moja ilikaa katika kasha la direkta. Ya pili ilikaa nyumbani kwangu, chini ya vitambaa vya mtoto ambavyo havijafuliwa, mahali ambapo hata mwizi mwenye njaa asingependa kupeleka pua.

Nilikwenda kukitazama chumba kipya. Kilikuwa tayari na picha ya Mkubwa wa nchi ukutani, imening'inizwa vizuri sana. Prizi ya umeme hakikuwa nayo hata moja. Nikaandika katika daftari: kwanza prizi.

Hayo yote niliyaandika kwa Kifaransa kilichonyooka, na mashini niliziita "machines". Kisha akashuka fundi kutoka Kinshasa, kwa ndege, na manukato yaliyofika kabla yake. Alisoma mpango wangu akiwa amekaa juu ya meza yangu. Siyo mezani. Juu ya meza.

"Machines?" akasema. "Machine ni ya kushona, mama. Hizi tunaziita serveurs."

"Hapa Bukavu serveur ni yule anayeleta bia."

"Basi Bukavu ijifunze."

"Na shefu wa magari atakayeleta gari? Naye atajifunza mbele ya Jumamosi?"

"Tika, mama, tika," akasema, yaani niache tu, na kwa kalamu yake nyekundu akafuta "machines" kila mahali na kuandika "serveurs".

Nikapiga mpango upya, pamoja na barua zake. Ile karatasi ya kwenda kwa shefu wa magari bado naikumbuka neno kwa neno, maana baadaye nilisomewa mara nyingi kama hukumu. Ilisema kwamba Jumamosi asubuhi kutakuwa na usafiri wa serveurs wawili, kutoka depo ya zamani mpaka Nyawera. Kwamba ni dhaifu sana. Wasitikiswe. Wasimame wima njia nzima. Na kwa vyovyote kusiwe na kinywaji karibu yao. Kifaransa hakitofautishi mtu na chuma. Vyote ni "ils". Direkta akatia sahihi chini ya mpango wote kana kwamba ndiye aliyepiga magoti kufunga sparadrap. Jina langu halikuwamo, hata kama kosa la kuandika.

Jumamosi niliichagua kwa sababu depo haitoi dawa siku hiyo. Ndiyo siku ya salongo pia, asubuhi nzima kila mwananchi yuko barabarani na ufagio, magari hayapiti bila ruhusa. Ruhusa nilikuwa nimeiomba. Kila kitu nilikuwa nimekiomba. Saa mbili asubuhi mashini zilikuwa zimezimwa, zimefunguliwa waya, zimekaa kimya katikati ya chumba. Fundi wa Kinshasa alikuwa akitembea akizizunguka kama baba nje ya chumba cha kuzalia. Direkta alikuja kujionyesha. Tukasubiri kamyo, lile lori la depo.

Ikaja Land Rover. Imeoshwa, inang'aa. Shefu wa magari mwenyewe alikuwa mbele, mzee mwema, mwenye adabu, kofia mkononi. Nyuma ya gari kulikuwa na viti viwili vya plastiki vilivyofunikwa vitambaa vyeupe, na kati ya viti sufuria kubwa imefungwa kwa kitenge, inatoa mvuke.

"Jambo citoyen directeur. Jambo maman. Hao serveurs bako wapi?"

Nikanyoosha kidole. "Hao hapo."

Mzee akazunguka mashini, akachungulia nyuma yao.

"Sioni mutu."

"Papa, ndizo hizo. Hizo makabati."

Alizitazama muda mrefu. Kisha akanitazama mimi, kwa huzuni, kama mtu aliyeitwa kwenye harusi akakuta ni msiba.

"Mimi nilisoma barua," akasema. "Inasema bako dhaifu. Nikasema, hawa ni wagonjwa. Kisha inasema basikaribie kinywaji. Nikasema, ah, kumbe ni walevi, direkta anawaficha ku wakubwa. Kisha inasema basimame wima njia yote. Hapo nikaona uchungu. Mutu mugonjwa, asimame ndani ya jeep? Nikaleta viti. Na bibi yangu akapika bugali na samaki ya sambaza, juu mutu anaacha pombe, lazima akule."

"Na kamyo?" direkta akauliza, sauti imepanda.

"Kamyo iko Walungu, citoyen directeur. Imepeleka makartoni tangu jana. Kamyo ya nini, kwa bantu babili?"

Nilitaka kucheka mpaka nikae chini. Sikucheka, kwa sababu direkta alikuwa amekwisha kunigeukia.

"Nani aliandika serveurs?"

Nikamtazama fundi wa Kinshasa. Fundi alikuwa akichunguza viatu vyake, viatu vizuri, ngozi ya kweli.

"Jumatatu, citoyenne," direkta akasema. "Nilisema Jumatatu." Akaenda zake kuonekana kwenye salongo.

Land Rover haikufaa: haikuwa na uzito wa kamyo wa kutulia barabarani, na kamyo isingerudi kabla ya Jumapili usiku. Fundi aliingia, akaruka-ruka juu ya benchi, springi zikalia kama mbuzi, akatoka akitikisa kichwa. Ndani ya kila mashini, alisema, kuna sahani inayozunguka, na sindano iliyo karibu nayo kuliko unywele. Gari likiruka ndani ya shimo moja tu, sindano inakwaruza sahani, na vituo vyote vya afya vimefutika. Na kutoka ziwani mpaka Nyawera barabara yetu haikuwa na shimo moja. Ilikuwa shimo moja refu, lenye vipande vya barabara ndani yake.

"Basi tunasubiri gari ya suspension ya hewa, isiyoruka," fundi akasema. "Kutoka Kinshasa."

"Kutoka Kinshasa kwa barabara gani, papa? Chora nione."

Akairudisha kalamu mfukoni.

Ndipo nikakumbuka kwamba nina macho. Kila siku ya Mungu nilikuwa ninapita Nyawera na kuwaona wale mama wanaobeba mizigo ya soko: mkanda kwenye paji la uso, mzigo mgongoni, mwili umeinama mbele. Wanapanda vilima vya mji huu na magunia ya mihogo yaliyo mazito kuliko waume zao. Sisi wenye diploma tunawapita tukishika pua. Nami nilikuwa nawapita. Nilifunga kitenge nikapanda kwa miguu.

Soko lilikuwa limefungwa kwa ajili ya salongo. Walikuwa wamekaa kwenye ngazi, wamemaliza kufagia sehemu yao, mikanda imelala mapajani. Mkubwa wao alikuwa wa umri wa mama yangu, na mkanda ulikuwa umemwachia mstari kwenye paji la uso, laini na unaong'aa kama njia ya konokono.

"Asinge, mama," nikamwamkia.

"Asinge, mwana wetu. Uko na nini? Makala ya kupikia?"

"Ordinateur."

"Hiyo iko nzito?"

"Haifike gunia ya mihogo."

"Basi shida iko wapi? Weye mwenyewe uko na mugongo."

"Haitaki kutikiswa, mama. Ndani iko na sahani na sindano. Ikiruka kidogo, inaharibika."

Akafikiri. "Ni kama yai."

"Ni yai la direkta."

Ngazi nzima ikalipuka. Mmoja alicheka mpaka akashika mwenzake. "Yai la direkta!" akapiga kelele. "Basi tulishike na mikono mibili, kama hayo mangine yalishapotea!"

Tulipatana bei palepale, bei ya mzigo wa heshima, na wanne kati yao wakashuka nami. Tulipofika, mama mkwe wangu alikuwa amekuja na mtoto, saa nne yake ilikuwa imefika. Nilimtuma arudi haraka alete godoro la mtoto, zile disketi, na vitenge vyote viwili vizuri. Alinitazama kama nimeuza nyumba. Alivileta lakini.

Yule mkubwa alipapasa mashini ya kwanza kwa kiganja.

"Kichwa chake kiko wapi?"

"Kichwa?" fundi akauliza.

"Yulu, juu yake. Haulazi mutoto kichwa chini."

Fundi akachora mshale kwa kalamu nyekundu. Nilifurahi kuona ile kalamu ikifanya kazi ya maana. Tukalikata godoro vipande viwili, tukazifunga mashini, tukazungushia kitenge, tukakaza. Walipoanza kupitisha mkanda, fundi akaweka mikono kichwani.

"Non, non, non! Ku mugongo? Serveur ku mugongo ya mwanamuke?"

Mama akasimama mbele yake. Alimfikia kifuani.

"Papa, weye, mbele ya kujua kutembea, nani alikubeba?"

Fundi akarudi nyuma hatua moja.

"Alikubeba wapi?"

Akarudi ya pili, akagusa ukuta.

"Na ulivunjika? Ao ulivunjika, ndiyo maana uko vile?"

Tangu hapo fundi wa Kinshasa alibeba nyaya na kufunga mdomo.

Tukapanda. Wawili na mashini, wa tatu na sanduku la batri, wa nne na kioo cha kusomea. Mimi nilikuwa na mtoto mgongoni na disketi kifuani. Nilitembea nyuma ya yule mkubwa nikitazama miguu yake. Hakuwa akikanyaga chini, alikuwa akiiomba ardhi ruhusa. Kisigino kinagusa, kinangoja, ndipo uzito unafuata. Na mgongo juu yake umetulia kama maji ndani ya mtungi. Nilikuwa nimesoma miaka kumi na miwili na hakuna aliyewahi kunionyesha jambo lililofanywa vizuri namna ile. Nyuma yetu kabisa alikuja shefu wa magari na Land Rover, polepole sana, na viti vyake vitupu na sufuria yake, maana barua ya direkta ilikuwa bado haijafutwa. Tulionekana kama maziko ya mtu ambaye hakuna anayemkumbuka.

Katikati ya kilima msimamizi wa salongo akatuzuia, kijiti mkononi.

"Wakati wa salongo hakuna kubeba muzigo!"

"Na hii unaona ni nini, fête ya harusi?" mama akamjibu kutoka chini ya mkanda, bila kuinua kichwa. "Ni mambo ya dawa. Kamata upande huu, ufanye salongo yako."

Akatazama kilima kilichobaki. Akatupisha.

Kwenye chumba kipya tulizishusha moja moja. Nilimpa mama mkwe mtoto, nikapiga magoti tena, sparadrap namba hii kwenye tundu namba hii, mpaka mwisho. Ile prizi niliyoipigia kelele ilikuwapo, chini ya picha. Fundi akabonyeza. Mashini ya kwanza ikakohoa, ikavuma. Ya pili ikakaa kimya.

Akabonyeza tena. Kimya. Jasho lilikuwa limemaliza yale manukato yote. Mimi nilikuwa nikiona Jumatatu: niko nyumbani, na mtu wa Luvungi anatetemeka. Mlangoni wale mama wanne walikuwa wamesimama, mikanda shingoni.

"Hiyo haijalia," mkubwa wao akasema. "Mutoto asipolia, wanamupiga kidogo."

"Usiipige!" fundi akapiga kelele.

Sikuipiga. Nilipitisha mkono nyuma yake, nikihesabu sparadrap kwa kidole bila kuona. Namba saba ilikuwa imelegea: jasho la kilima lilikuwa limeilainisha gundi, sparadrap ikateleza kwenye tundu, na waya ukawa umeingia nusu. Nikausukuma. Ikavuma. Wale mama walipiga vigelegele mpaka mtoto akaamka akalia, na mama mkwe wangu, ambaye hajawahi kunisifu, akasema, "Basi hata hizi zinakusikia weye."

Bugali na sambaza vya serveurs wawili tulivila sisi. Yule mkubwa alikalia kiti chenye kitambaa cheupe, na shefu wa magari akamnawisha mikono mwenyewe, akiinama. Alisema haikuwa bure basi, viti vilipata wenyewe.

Jumatatu mashini zilikuwa macho. Asubuhi mapema nilitoa karatasi za Luvungi na za Walungu, nikazipeleka kwenye kamyo kwa mkono wangu. Nilifanya hivyo kwanza, kwa sababu nilijua nitagombana. Kisha direkta akapanda mpaka chumba kipya na barua ya mkataba, akitabasamu mbele ya picha. Nikaisoma. Ilisema kwamba kuanzia siku hiyo nimeajiriwa kama serveuse.

Serveuse. Mwanamke wa kuleta bia.

Kumbe direkta alikuwa ameamuru waandike "msimamizi wa serveurs". Mpiga barua, mtu mwenye akili zake, aliona jina la mwanamke, akaona neno serveurs, akadhani ni kosa, akasahihisha.

"Ni neno tu, citoyenne," direkta akasema. "Weka sahihi. Nahitaji unitolee rapport yangu, inaenda Kinshasa leo na ndege."

Hiyo rapport niliijua, nilikuwa nimeiandika mimi. Kurasa sita jinsi alivyohamisha serveurs wawili chini ya uongozi wake wa busara.

"Neno tu?" nikasema. "Neno tu lilipeleka kamyo Walungu. Mukataba huu unaanza leo?"

"Unaanza leo."

"Basi ni saa nne. Ni saa yangu ya kunyonyesha. Hata serveuse ananyonyesha."

Nikamwita mama mkwe wangu, ambaye alikuwa nje. Nikakalia kiti changu, mbele ya mashini, kwenye ile hewa nzuri ya baridi. Nikafungua blauzi. Direkta aligeukia ukuta haraka, akajikuta uso kwa uso na ile picha, na hapo tena hakuthubutu kugeuka. Alisimama hivyo kidogo, kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Kisha akatoka na ile barua mkononi, nikamsikia akishuka ngazi mbili mbili.

Mtoto alikuwa kwenye ziwa la kushoto alipotoka. Nilikuwa sijamaliza kumhamishia la kulia, direkta akarudi na barua mpya, wino mbichi. Nilimwambia aishike nisome, maana mikono yangu ilikuwa na kazi. Nikaisoma herufi kwa herufi. Msimamizi. Wa. Serveurs. Jina langu, lote, bila kosa. Nikaomba kalamu.

Nilipoinama kutia sahihi, mtoto akacheua, maziwa yakamwagika moja kwa moja juu ya sahihi ya direkta. Wino ulitanda kidogo. Mimi nikaipangusa kwa kitenge, taratibu, kisigino cha mkono kikigusa kwanza, kama alivyotembea yule mama wa mizigo. Sasa mtoto anakimbia na kuvunja vikombe, na ule mkataba ninao chini ya nguo zake. Doa lipo. Jina langu linasomeka bado.